Marehemu Aliyekaa Mstari wa Nyuma

Hebu nikuulize wewe uliyeshika simu: umewahi kupewa pole kwa kifo chako mwenyewe, ukajibu asante?

Mimi nimepewa. Tena si mara moja. Nimekumbatiwa na watu nisiowajua, wakanilowesha bega kwa machozi. Wananililia mimi, na mimi huyohuyo ndiye ninayewapigapiga mgongoni nikiwaambia wajikaze.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu imebaki mguu mmoja, kwa hiyo mwenye haraka zake apite tu.

Nina mtoto wa kiume, mwandishi wa riwaya. Nyumbani tunamwita Bonge, maana alizaliwa mnene mpaka mkunga akawaita wenzake waje kumtazama. Siku hizi amekonda, anavaa skafu shingoni hata jua likiwaka, na hataki kusikia hilo jina la Bonge mbele za watu.

Kitabu chake cha juzi kilishika moto. Kampuni iliyokichapisha ikaamua kumzungusha mji kwa mji, asome ukumbini, atie saini vitabu, apigwe picha. Ziara ya kitabu, ndivyo wanavyoiita.

Mke wake aligoma kwenda. Aliniambia, "Mama, mimi namsikiliza bure kila siku hapa sebuleni. Nikamsikilize tena kwa kipaza sauti?"

Basi Bonge akanijia mimi.

"Mama, twende wote. Ukaone nchi. Halafu hakuna anayejua kunyoosha mashati yangu kama wewe."

La mashati nililisikia. Lakini moyo wangu uling'ang'ania lile la *twende wote*. Nikanunua viatu. Nikasuka nywele. Nikaaga majirani mpaka wakachoka kuagwa.

Siku ya safari tukasimama kwenye kituo cha mafuta kumsubiri dada wa kampuni, ambaye ndiye angetuongoza. Dereva akashuka. Tukabaki wawili garini. Bonge akajikohoza.

"Mama, kuna jambo dogo."

"Sema, baba."

"Kule tunakokwenda... wewe umekufa."

Nikadhani ni kelele za barabarani. Nikapandisha kioo.

"Nimefanya nini?"

"Umekufa. Unajua kwenye kitabu mama anakufa. Sasa mtangazaji mmoja wa redio akaniuliza kama ni mama yangu kweli. Nikanyamaza kidogo natafuta neno, akanipa pole hewani. Watu wakaanza kupiga simu wakilia. Ningewakatizaje?"

"Ungesema hajafa."

"Mama, ilikuwa redio. Mambo yanakwenda haraka."

"Na humu garini mimi ni nani?"

"Mama mkubwa. Dada yake marehemu."

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguliwa, akaingia dada wa kampuni, simu mbili mkononi na ya tatu inalia kwenye mkoba. Bonge akanitambulisha. Dada akanishika mikono yote miwili.

"Ndiyo maana mmefanana! Pole sana, bibi, kwa kumpoteza mdogo wako."

"Asante," nikasema.

Ndiyo ile asante.

Tulipofika nikamvuta Bonge pembeni. "Hii itaisha lini?"

"Mji unaofuata nitawaambia, mama. Hawa wameshajaa ukumbini, nisiwaharibie."

Sawa. Mimi ni mtu wa subira. Mtoto huyu alichelewa kutembea mpaka watu wakaanza kunong'ona, na nilikaa naye sakafuni bila kumsukuma. Nikajiambia nitakaa naye na hili. Sikutaka makubwa. Nilitaka asimame mbele za watu aseme: mama yangu ni mzima, yule pale.

Sasa niwaambie yanayofanyika kwenye hiyo ziara, maana picha mnazoziona mtandaoni zimeoshwa.

Mlangoni kuna bango la uso wake, ameegemeza kidevu kwenye ngumi kama mtu anayeumwa jino. Wageni wanapiga picha na bango, na mwenyewe amesimama hatua mbili tu kutoka hapo akisubiri atambuliwe.

Kisha anapanda jukwaani kusoma. Kila mji ukurasa uleule, ule wa wodini. Mama amelala. Pazia la buluu lina kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Kiti cha wageni kimevunjika mgongo, kimefungwa bandeji kama mgonjwa. Mtoto amekaa kwenye kile kiti, ameshika mkono wa mama. Mama anafumbua macho, anasema, "Umekuja, mwanangu." Halafu anakata roho.

Akifika pale kwenye "umekuja" anasita. Anavua miwani. Anatoa leso, anajipangusa. Ukumbi mzima unavuta kamasi.

Leso ile naifua mimi, naipiga pasi mimi. Tangu tutoke nyumbani sijaikuta na unyevu hata kidogo.

Halafu yanakuja maswali, ambayo si maswali. Anasimama mwanamume, tai hadi kitovuni, anasema, "Mimi sina swali, nina mchango." Anachanga mpaka mafundi mitambo wanapiga miayo. Kitabu chenyewe hajafungua. Akishuka anaomba picha.

Katika mji mmoja mama mmoja akauliza, "Mwandishi, ulikaa naye hospitali muda gani?"

Bonge akatazama dari. "Mtoto hahesabu."

"Aaaah!" watu wakaguna kwa utamu.

Mimi nilikuwa mstari wa nyuma na biskuti mdomoni. Nilimeza nzima.

Na hoteli zake! Sabuni ndogo kama jino la mtoto. Dirisha unalifungua kwa nguvu zako zote, unakutana na ukuta. Bwana Mkubwa anaingia chumbani, anatupa skafu, anaanza: wamemwekea maji ya uvuguvugu, jina lake kwenye bango ni dogo, mwandishi mwingine alipokelewa kwa maua. Mtu aliyetoka kuwaliza watu kwa ajili ya kifo cha mama anamwambia mama huyohuyo, "Hili shati hujalinyoosha vizuri kwenye kola."

Nikarudisha pasi kwenye umeme.

"Kesho unawaambia, Bonge?"

"Usiniite Bonge. Mji unaofuata."

Mji unaofuata ukafuatwa na mwingine. Katika kila mji nilizikwa upya.

Kitu kimoja sikuwa nimekifanya. Sikuwa nimekisoma hicho kitabu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini kusoma ninasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Hakuna aliyewahi kunipa nakala. Mchana mmoja, Bonge na dada wa kampuni wako kwenye mahojiano, nikachomoa moja kwenye boksi, nikaketi kitandani.

Mwanzoni kulikuwa na mawingu mengi na watu wanaotazama mbali. Nikavumilia. Halafu nikaingia wodini.

Nesi ambaye viatu vyake vinalia kama panya aliyebanwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili anayeficha sukari kwenye soksi. Pazia. Kiraka. Uzi mweupe. Kiti chenye bandeji.

Nikarudisha kidole mwanzo wa ukurasa.

Ile ilikuwa wodi yangu.

Mwaka uliopita nilipasuliwa tumbo, nikalazwa hadi nikazoea harufu ya dawa. Bonge hakuja. Alisema anamalizia kazi. Lakini alikuwa anapiga simu kila jioni, na mimi nikawa nafurahi kama msichana anayechumbiwa.

"Mama, hilo pazia rangi gani?"

"Buluu, baba. Lina kiraka."

"Kimeshonwa na uzi gani? Na kiti kikoje? Viatu vya nesi vinaliaje, hebu niigizie."

Nikamwigizia! Na mshono unavuta, nimeshika tumbo, naigiza viatu! Yule mwenye sukari yake kwenye soksi akaniambia, "Una mtoto wewe. Wangu wananiuliza tu nimeamkaje." Nikajibu, "Huyu ananipenda mno." Nilidhani mtoto anayeuliza hivyo anataka awe pale, aone mama amelalia nini.

Kumbe nilikuwa namjazia kitabu.

Na kile kiti? Hakuna aliyekikalia kwa ajili yangu. Wageni wa kitanda cha pili ndio waliokiazima kila siku, wakanizoea, wakaacha hata kuniuliza.

Nilifunga kitabu, nikanawa uso. Bonge aliporudi nilimwambia neno moja tu.

"Umebaki mji wa mwisho. Usiposema wewe, nasema mimi."

Akaniona usoni. "Nitasema, mama. Kweli."

Ukumbi wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko yote. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe na vimefungwa utepe kiunoni kama maharusi. Mshereheshaji alikuwa jamaa mmoja mwenye suti inayombana, akicheka kabla ya kusema na baada ya kusema. Nikakaa mstari wa nyuma, viatu vyangu vipya vimeshapinda visigino.

Bonge akasoma. Akafika kwenye "umekuja". Akasita, kama kawaida. Akavua miwani.

Lakini leso hakuitoa.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ilikuwa yake ya nyumbani. "Kuna jambo sikuwaambia. Mama yangu hajafa. Ni mzima. Yule pale nyuma."

Akaninyooshea kidole.

Nikajishika kwenye kiti cha mbele, nikaanza kunyanyuka.

Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti.

"Jamani! Mmesikia hiyo? Hayo ndiyo maneno ya mwandishi! Mama hajafa! Mama anaishi kwenye kurasa! Anaishi ndani ya huyu dada yake aliyebaki! Makofi kwa mama mkubwa!"

Makofi yalipigwa mpaka nikahisi dari inashuka. Watu walisimama. Mwanamke mmoja akaniangukia kifuani, "Umemrithi mdogo wako vizuri, mama!" Mwingine akanipiga picha, puani kabisa.

"Ni mimi," nikamwambia yule aliyenikumbatia. "Ndiye mimi mwenyewe niliyemzaa."

"Ndiyo, mama," akasema huku analia. "Uchungu wa kulea ni uleule."

Nikamtafuta Bonge kwa macho, juu ya vichwa vyao. Angeweza kunyanyua mkono. Angeweza kusema, hapana, sikilizeni, simaanishi hivyo. Kipaza sauti kilikuwa karibu yake kuliko glasi ya maji.

Alikuwa amekaa. Anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa. Kisha akatoa ile leso, akajipangusa pakavu.

Dada wa kampuni akapita mbio na boksi kifuani. "Bibi, hii ya leo imetisha! Ibaki kwenye programu!"

Ikaja saa ya kutia saini. Foleni ikazunguka ukumbi. Na mimi nikachukua nakala, nikajipanga nyuma ya watu wote. Waliotaka kunipisha niliwakatalia. Nimesubiri miji yote hiyo, foleni moja itanifanya nini?

Mnaojua mambo ya saini mnajua yanavyokwenda. Mwandishi hainui kichwa. Anavuta kitabu, anafungua ukurasa wa kwanza, anauliza, anaandika, anasukuma. Mkono unakwenda kama cherehani.

Nikafika. Nikaweka kitabu mezani.

"Niandike kwa nani?" akauliza, macho chini.

"Kwa marehemu."

Kalamu ikasimama. Doa la wino likaanza kutanuka kwenye karatasi.

Akainua kichwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona tumebaki peke yetu, wengine wako kwenye soda. Akanisogelea juu ya meza akanong'ona, lakini kwa hasira.

"Mama, nimesema. Wewe mwenyewe umesikia. Nimesimama mbele ya watu wote hawa nikasema. Wasipoelewa ni kosa langu?"

Najua mlioanza kusoma mnasubiri funzo, na nisipolitoa mtanisumbua huko chini kwenye maoni. Basi chukueni hili. Mtu akikuuliza mambo yako mengi mengi, pazia rangi gani, kiti kikoje, usikimbilie kufurahi. Mwambie, njoo uone. Anayekuhitaji wewe atakuja. Anayehitaji pazia atasema ana kazi.

Wala msije kunipa pole. Nimeshapewa za kunitosha hadi nife kweli.

Nikamtazama yule mtoto aliyeitiwa wakunga, na skafu yake, na kalamu yake inayovuja. Nilidhani nilichotaka ni kuhesabiwa mzima. Lakini alipokwisha kusema, na ukumbi mzima umesimama kwa ajili yangu, nikajua sicho.

"Sasa unataka nini tena, mama?" akaniuliza. "Niambie. Unataka nini?"

Nikafunga kile kitabu, doa likiwa bado bichi, nikamsukumia.

"Nilipolazwa, Bonge, nilitaka uje."