Gunia la Uzi Mweupe: Kutoka Mlandizi hadi Mwakipanga

Safari hii ilianza kwa simu. Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu Mlandizi napalilia mihogo, simu ikalia mfukoni, na kabla sijasema haloo nikasikia, "Shikamoo, mtani." Sauti ile siwezi kuikosea. Ilikuwa ya Kabula, bosi wangu wa zamani, niliyemwendesha miaka kumi na minne huko Igunga na Tabora alipokuwa afisa kilimo. Yeye ndiye mkubwa aliyekuwa akimwamkia dereva wake kila asubuhi, kwa sababu nimemzidi umri, na hakujali nani anatazama. Nimeendesha wakubwa wengi wa serikali. Wa namna ile nilimpata mmoja tu.

Aliniambia anagombea ubunge tena, mara ya pili. Mkutano wake mkubwa utakuwa Mwakipanga, na anataka nije kuwachangamsha watu kwa utani. Mimi ni Mzaramo. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara, wazee wao walipokuja Pwani na mizigo mabegani wakalala kwenye vibaraza vya wazee wetu. Mtani akisimama mbele ya watani zake ana ruhusa ya kusema lolote, na hakuna wa kununa.

Nilipolisikia jina la Mwakipanga niliweka jembe chini. Nikamwambia nakuja. Sikumwambia kwamba nina langu la kusema huko, nililoliweka kifuani miaka mingi.

Jumatatu jioni nilipanda treni ya zamani pale Dar es Salaam. Wanangu walinishauri nipande basi, nifike haraka. Nilikataa. Njia ile ya reli inakwenda karibu na njia ya misafara, na mtu anayekwenda kusema jambo zito anahitaji muda wa kulipanga. Kulipokucha tulikuwa nchi kavu ya Ugogo. Manyoni nikanywa chai, Itigi nikanunua chupa mbili za asali dirishani, na njia nzima nilikuwa nikiwasimulia abiria wenzangu habari za Kabula hata mama mmoja akaniuliza kama ni mke wangu. Nikamwambia ningekuwa na bahati hiyo ningekuwa nimenenepa.

Niliyowasimulia ndiyo haya. Alianza kama bibi shamba wa kata, na baiskeli, na buti za mpira, akipita jaruba kwa jaruba kuwafundisha watu kupanda mpunga kwa mistari. Wanaume walimcheka. Mavuno ya kwanza yalipoingia, waliomcheka wakaja kumwomba kamba ya kupimia. Akawa afisa kilimo wa wilaya, ndipo nilipopewa kumwendesha. Akawa wa mkoa. Kisha akaacha kazi, akagombea ubunge, akashindwa. Mwingine angefunga mlango akalia. Yeye alirudi kwenye kata yao akagombea udiwani, akashinda, na ghala la mpunga lililopo pale leo alilisimamia yeye, akihesabu matofali kwa macho yake.

Sikuwasimulia kwa nini alishindwa ile mara ya kwanza.

Jumanne mchana tulifika Tabora. Nje ya stesheni bajaji na bodaboda zilinizonga, nami nikachagua kijana mpole, anipeleke Ng'ambo kwa rafiki yangu Nassor. Nassor ni Mwarabu wa Tabora, wazee wake walikuja na misafara wasirudi tena Oman, na duka lake la vipuri vya baiskeli ndipo sisi madereva tulipokuwa tukipiga soga. Tulikula wali na maharage ya nazi, na baada ya swala ya alasiri nikamtolea la moyoni. Yeye ndiye mtu wa kwanza kulisikia.

Mwaka ule, Kabula akiwa afisa wa wilaya, zililetwa mbegu za mpunga za aina mbili. Moja hukomaa mapema, na ilikuwa ya Mwakipanga, kwa sababu maji yao hukauka haraka. Nyingine huchukua muda mrefu, nayo ilikuwa ya kijiji jirani chenye bwawa. Magunia yalifanana. Tofauti ilikuwa uzi wa kushonea mdomo: mwekundu ni mbegu ya haraka, mweupe ni ya muda mrefu. Kabula alinionyesha kwa kidole. Siku ya kupeleka mvua ilikuwa inanyesha, na jioni ile kulikuwa na mechi ya mpira ya watani wa jadi, nami nilitaka niiwahi kwenye televisheni Igunga mjini. Nilifika Mwakipanga, nikashusha magunia yaliyokuwa karibu na mlango wa gari bila kutazama uzi, nikaondoka. Niliiwahi mechi. Timu yangu ikafungwa.

Mpunga wa Mwakipanga mwaka ule uliota mrefu, wa kijani, wa kupendeza. Maji yakaisha kabla haujatoa masuke. Wakaukata wakalisha ng'ombe. Watu walikuja juu, mkutano ukaitishwa, na Kabula akasimama akasema mbegu ni dhamana yake na kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, na cheo cha mkoa kikachelewa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye gari, vioo nimepandisha. Alipogombea ubunge, watu wa Mwakipanga walikuja mkutanoni na majani ya mpunga mkononi wakampungia. Habari ikasambaa jimbo zima. Akashindwa.

Nassor alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shomari, usiseme. Watasema amekuleta yeye, amekupangia maneno. Utammaliza kabisa."

Usingizi uliniruka, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema vile. Lakini kulipokucha nilijua kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimemwacha mwanamke yule peke yake mara mbili. Nikapiga moyo konde.

Jumatano asubuhi nilichukua basi la Igunga. Tulipita Nzega, tukaingia barabara kuu ya Dodoma na Mwanza, malori ya pamba na ng'ombe yakitupita kwa vishindo. Ilikuwa kiangazi, majaruba yamekauka na kupasuka, mbuga imekaa wazi mpaka macho yanachoka. Kabula alinipokea stendi mwenyewe. Amepungua mwili na nywele zimeingia mvi, ila buti ni zilezile za mpira, amezivaa na kitenge cha kampeni. Nilivuta pumzi nimwambie palepale, lakini alikuwa amezungukwa na wapambe, akanishika mkono akanipakia kwenye gari. Dereva wake ni binti wa miaka thelathini hivi. Nilimkagua njia nzima, na naungama anaendesha vizuri kuliko mimi.

Saa nane mchana tulifika Mwakipanga. Watu walikuwa wengi kwenye uwanja wa shule, kina mama upande mmoja, wanaume wamesimama na fimbo zao nyuma. Hawakuja na majani safari hii, lakini pia hawakupiga makofi. Walitusubiri tu. Kabula aliwaamkia, akasema machache, kisha akatangaza kwamba ameleta mtani kutoka Pwani. Hapo uwanja ukachangamka. Nikasimama, nikavua kofia.

Nikasema, "Ndugu zangu wa Mwakipanga, mbegu ile iliyowaharibia mwaka haikuletwa na Kabula. Niliileta mimi. Nilishusha magunia yasiyo yenu kwa sababu nilikuwa nakimbilia mpira."

Wakaangua kicheko. Kina mama walishikana mabega. Mzee mmoja akapiga fimbo chini akasema Mzaramo huyu anaweza, wampe maji aendelee. Nikasema tena kwamba sifanyi utani. Wakacheka zaidi, maana ndivyo mtani anavyosema. Nikaapa. Wakanipigia vigelegele. Nimesimama pale na aibu ya miaka mingi mikononi, nakosa wa kuipokea, kwa sababu nimekuja na kibali cha kusema lolote na anayesema lolote haaminiwi. Nilimtazama Kabula. Yeye hakuwa anacheka.

Ndipo akasimama bibi mmoja mwembamba, Bibi Nshoma, ambaye baadaye niliambiwa kwamba mwaka ule aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili wajukuu wale. Akanisogelea mpaka karibu. Watu wakanyamaza, kwa kuwa ni mkubwa wao.

"Magunia yetu yalishonwa kwa uzi gani?" akaniuliza.

"Mweupe, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwao. "Wenu ulikuwa mwekundu. Mwekundu niliupeleka kwa jirani."

Bibi akamwita mjukuu wake wa kike, akamtuma nyumbani, na sisi sote tukangoja juani. Binti alirudi na gunia kuukuu ambalo bibi huyo anawekea dengu. Mdomoni bado lilikuwa na kipande cha uzi, kimeingia uchafu lakini ni cheupe. Bibi Nshoma akalinyanyua watu walione. Waliokuwa nyuma wakasogea mbele kuutazama uzi.

Akamgeukia Kabula. "Nawe ulijua?"

"Nilijua siku ya tatu, mayu, mkiwa mmeshapanda. Nyuzi nilizikuta majarubani."

"Mbona hukumtaja?"

Kabula alisimama. Hakushika kipaza sauti. "Huyu hakuwaambia mpande. Niliyewaambia mpande ni mimi, na ninyi mlipanda kwa sababu niliyesema ni mimi. Ilikuwa kazi yangu kufungua kila gunia kabla halijashuka, na siku ile nilibaki ofisini kwa sababu ya mvua."

Nilitokwa na machozi mbele ya watani zangu, na sioni haya kuliandika. Kumbe miaka yote nilidhani ninamficha kitu, naye alikuwa ananisitiri. Na kumbe wala hakuona kwamba ananisitiri. Aliona anabeba lililo lake.

Mtu mmoja wa nyuma akasema, kama Nassor alivyobashiri, kwamba huenda tumepanga. Bibi Nshoma akamjibu bila kugeuka, kwamba gunia limekaa nyumbani kwake tangu mwaka ule, na kama wamelipanga, basi wamelipanga na panya wake. Watu wakacheka, na kicheko hiki hakikuwa kama kile cha kwanza.

Kisha akanihukumu. Mtani akikosa hulipa kwa kazi, nami nikapewa jembe nitengeneze kingo za jaruba lake kabla ya mvua. Jua lilikuwa kali, udongo umekauka, mimi na suruali yangu ya safari, kofia imechukuliwa na bibi mwingine kama dhamana. Mzee mwenye fimbo alinizomea kwamba Mzaramo analima kama anakuna nazi. Nikamwambia babu yake alipofika kwetu Pwani hata nazi hakuijua, aliigonga akidhani ni jiwe. Nilikuwa nimelima hatua kumi hivi nilipoona buti za mpira pembeni yangu. Kabula alikuwa ameshika jembe upande wa pili. Hakuna aliyempigia makofi wala kumpiga picha. Waliingia tu, mmoja mmoja, mpaka jaruba likajaa watu, na jua halijazama kingo zilikuwa zimekwisha.

Ijumaa nilipita tena Tabora. Nassor aliniuliza limekwendaje. Nikamwonyesha malengelenge ya viganjani. Akayatazama, akasema nilichofanya ni uwendawazimu, kisha akanifungia tende za njiani. Kwenye treni, safari hii, nilimsimulia kila aliyekaa karibu nami habari yote pamoja na sehemu yangu. Walionisikiliza hawakupungua.

Nilikuwa nyumbani siku matokeo yalipotangazwa. Kabula alishinda. Sikupiga simu, nikidhani sasa ni mheshimiwa, ana watu wa kupokea simu zake. Na kusema kweli sikushangilia kwanza jimbo, nilisubiri kujua kituo cha Mwakipanga. Jirani yangu mwenye redio alinicheka, nchi nzima nauliza kituo kimoja. Siku ya pili yule binti dereva akanitumia ujumbe kwamba Mwakipanga walimpa kura karibu zote, na Bibi Nshoma alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nilichojifunza si kingi, lakini ni changu. Miaka yote nilikuwa najivuna kwamba nimemwendesha mwanamke yule njia zote za Igunga na Tabora. Leo naona ni yeye aliyenibeba, nami nilikuwa nashika usukani tu.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, lori liliniletea mzigo hadi mlangoni. Ni gunia la mchele wa Mwakipanga. Mke wangu alichukua kisu alifungue, nikamzuia, nikaliinamia kwanza nitazame mdomo wake. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono ya mtu mzee, kwa uzi mwekundu. Nilikuwa bado nimeinama pale simu ilipolia.

Nikajikohoza, nikajiandaa kusema mheshimiwa. Akaniwahi.

"Shikamoo, mtani."