Siku Kipupwe Walipopanda Jukwaani

Asubuhi ya sikukuu ya Kut, Hlimpuii aliamka sikio lake likiwa limekwisha kutoka nje kabla yake. Hakuwa akisikiliza majogoo, wala magari yaliyokuwa yakipanda mlima wa Khawzawl yamebeba watu wa vijijini. Alikuwa akisikiliza kipaza sauti cha mtaa, kile kilichofungwa juu ya nguzo karibu na tangi la maji, ambacho Vanchhawna, mwenyekiti wa vijana, hukitumia kutangaza siku ya usafi, nguruwe waliopotea, na vifo.

Jirani yao, mzee Pu Zakhuma, alikuwa mahututi. Mtaa mzima ulijua. Na mtaa mzima ulijua kwamba akifa siku hiyo, hakuna mtu wao atakayekwenda uwanjani. Wavulana watashika majembe wakachimbe kaburi, wasichana watateka maji na kuchemsha chai, na jioni wote watajazana sebuleni kwa mfiwa kuimba, ili nyumba isipate hata dakika moja ya kimya. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mambo yawe hivyo, kwa kuwa hakuna ambaye hajawahi kufiwa.

Na Kipupwe, bendi ya Hlimpuii, walikuwa wapande jukwaani alasiri ile ile.

Jina halisi la bendi lilikuwa Thlasik, neno la kwao lenye maana ya kipupwe. Walikuwa watu watatu. Hlimpuii aliimba na kupiga gita. Mchana alifuma puan, vitambaa vya kufunga kiunoni, kwenye kitanda cha mfumi cha mama yake. Dingliana, fundi wa malori, alipiga drams. Rohlua, mwalimu wa shule ya msingi, mpole kama maziwa, alipiga gita la besi. Walitunga nyimbo zao wenyewe, na hapo ndipo ugomvi wao na mji ulipoanzia.

Maana Khawzawl ni mji unaojua muziki, na mji unaojua muziki ni mgumu kuliko usiojua. Watu wake walikuwa na mapenzi mawili: tenzi za kanisani katika sauti nne, na nyimbo za bendi kubwa za ng'ambo ambazo kila baba mwenye kitambi aliweza kuzipiga nyuzi kwa nyuzi. "Umetunga mwenyewe?" walimwuliza Hlimpuii. "Kwani za wenzako zimeisha?" Mwaka uliopita walipopiga katika ukumbi wa mtaa, watu walikaa wamekunja mikono, wakikohoa kwa zamu. Mwishoni mama mmoja alimwendea kwa upole kabisa akamwuliza, "Mkishamaliza kujaribu vyombo, mwanangu, mtaimba saa ngapi?"

Sasa kikundi kimoja cha Aizawl, mji mkuu, kilikuwa kimejitoa dakika za mwisho, na kamati ya sikukuu ikawapa Kipupwe nafasi: nyimbo tatu mbele ya mji mzima. Rohlua alikuwa amepata uhamisho kwenda shule ya mbali kusini. Dingliana alikuwa ameapa kwamba wakikohoa tena, drams atamwuzia mchungaji. Basi ilikuwa leo, au basi tena.

Dingliana alifika na pikipiki, tambuu shavuni.

"Mzee vipi?"

"Jana jioni alikuwa anapumua."

"Apumue hivyo hivyo mpaka jua lishuke."

"Dingliana!"

"Nini? Namwombea mtu uhai. Kumwombea mtu uhai nako kumekuwa dhambi, dada?"

Hlimpuii alicheka, kisha akachukia kicheko chake. Pu Zakhuma ndiye aliyemfundisha kusoma noti akiwa mtoto, kwa kijiti kirefu na subira fupi. Alikuwa kiongozi wa kwaya kwa muda mrefu hata watu walisahau kwamba aliwahi kuwa na kazi nyingine. Tangu augue, Hlimpuii alimpelekea uji kila siku. Lakini siku zile za mwisho, alipokuwa akikoroga sufuria, alijikuta akifikiri: ale, apate nguvu, afike Ijumaa ya sikukuu. Hakuna tena aliyeweza kumwambia kama uji ule ulikuwa wa huruma au wa bendi. Hata yeye mwenyewe hakujua.

Kabla ya adhuhuri alivaa puan yake mpya, akatia uji kwenye bakuli, akavuka ua.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hilo pekee lilimshtua, kwani mlango ule haukufungwa mchana hata siku za mvua. Alibisha hodi. Pi Chhingi, mke wa mzee, alifungua upana wa kiganja.

"Amelala," alisema.

"Nimeleta uji, bibi."

"Niachie."

Alipofungua zaidi ili apokee bakuli, Hlimpuii aliona chumba. Aliona kitanda karibu na dirisha, na blanketi jekundu lililonyooshwa vizuri mno. Alilitazama mahali pa kifua. Akasubiri. Blanketi halikupanda.

Bakuli lilikuwa bado mikononi mwa wote wawili.

"Bibi..."

"Nimekwambia amelala."

"Nimwite Vanchhawna? Atatangaza, watu waje. Usikae peke yako."

Hapo uso wa Pi Chhingi ulibadilika. Hakulia. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepatana bei.

"Tangu niolewe, nyumba hii haijawahi kuwa na watu wawili tu. Kwaya leo, wageni kesho, vijana, wajukuu wa watu. Nikiwaita sasa, mtajaa humu mpaka dirishani. Mtaniimbia, mtanishika mikono, mtanilazimisha chai. Mtafanya vizuri, najua. Lakini mimi sitamwona tena mpaka mmtie udongoni." Alivuta pumzi. "Nataka mchana mmoja na mume wangu. Jua likielekea kilimani nitamwita Vanchhawna mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda ukaimbe. Na hukuona kitu."

Mlango ukafungwa. Hlimpuii alisimama uani, akasikia komeo likiingia. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu, tena kubwa. Huzuni ilifuata nyuma, ikichechemea.

Hakuwaambia wenzake. Nyuma ya jukwaa Dingliana alimtazama usoni. "Vipi, mbona kama umemeza ndimu? Mzee yupo?"

"Amelala."

"Mungu ambariki. Alale fofofo."

Uwanja ulikuwa umefurika. Wacheza ngoma ya mianzi walikuwa wametoka punde, na watu walikuwa bado wanachangamka, wakila, wakiitana. Kipupwe walipopanda, makelele hayakupungua. Karibu na jukwaa palikuwa na vijana wa mtaa wa pili, wameegemea uzio kwa ule uvivu wa watu waliokwisha kuamua.

"Pigeni kitu tunachokijua!" mmoja alipaza sauti.

"Mkijue kwanza hiki!" Dingliana alimjibu, na baadhi wakacheka.

Wimbo wa kwanza ulipita kama upepo juu ya mabati. Walikohoa. Hlimpuii aliwasikia, ingawa kwa kweli alikuwa akisikiliza mbali zaidi, ng'ambo ya bonde, kule kwenye nguzo karibu na tangi la maji. Kila spika ilipokwaruza, aligeuza kichwa kuelekea huko. Aliona watu wa mtaa wao katika umati, wamevaa nguo za sikukuu, watoto wao mabegani. Wanacheka, aliwaza, na wana maiti nyumbani, nami peke yangu ndiye ninayejua.

Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu. Ulihusu mtu anayengoja gari la mwisho barabarani hali anajua limekwisha kupita. Siku zote aliuimba vizuri, kwa ustadi, kama anavyofuma ua kwenye puan. Safari hii, alipofika ubeti wa pili, sauti ilikatika. Alikosa neno zima. Rohlua aligeuka kumtazama, vidole vikiendelea. Hlimpuii alilikuta neno lililofuata, akalitoa likiwa limepasuka katikati, akaendelea hivyo hivyo kwa sauti ile iliyopasuka kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Vijana wa uzioni waliacha kuegemea.

Hakuona ilivyotokea, aliisikia tu: kelele za uwanja zikipungua safu kwa safu, kama mvua inayoondoka. Kiitikio kiliporudi mara ya pili, mtu fulani mbele alikichukua. Kisha wengine. Na kwa kuwa ni watu wa Khawzawl, hawakuimba sauti moja. Wanawake walipanda juu, wanaume wakashuka chini, wakapata sauti nne katika wimbo ambao hawakuwahi kuusikia. Dingliana alikuwa analia waziwazi, anapiga. Hlimpuii alitaka wimbo usiishe, na papo hapo alitaka uishe upesi kabla ya kile kipaza sauti cha ng'ambo ya bonde kufungua kinywa.

Kilifungua walipokuwa wakianza wa tatu. Mkwaruzo kwanza, halafu sauti ya Vanchhawna ikikatwakatwa na upepo: Pu Zakhuma ametutoka. Vijana wote mtaani. Vijana wote.

Hlimpuii aliondoa mkono kwenye nyuzi. Rohlua akaacha, Dingliana akaacha. Watu wa mtaa wao walikuwa wamekwisha kuanza kusogea kuelekea lango. "Samahanini," alisema kwenye kipaza sauti, "tumefiwa." Walipokuwa wakishuka, watu walimgusa bega. "Pole, dada. Wimbo ule... pole."

Nyumbani mlango ulikuwa wazi na watu wamekwisha kujaa. Wanaume wazee waliingia kumwosha marehemu. Walikaa ndani muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na walipotoka hawakutazamana. Mmoja alimnong'oneza Vanchhawna. Hlimpuii, aliyekuwa akipanga vikombe vya chai jikoni, aliona jinsi Vanchhawna alivyogeuza kichwa kumtafuta.

Alikuja mpaka mlangoni mwa jiko. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki anachosha kumdanganya.

"Wazee wanasema amekakamaa mikono. Hakufa alasiri." Alingoja. "Mama yako anasema ulikuja hapa kabla ya adhuhuri na uji."

"Nilikuja."

"Alikuwa hai?"

Nyimbo zilikuwa zimeanza sebuleni, ngoma ya msiba ikienda polepole. Kupitia mlango Hlimpuii alimwona Pi Chhingi amezungukwa, huyu ameshika mkono huu, yule mkono ule, kama alivyosema. Macho yao yalikutana juu ya mabega ya watu. Mjane hakutikisa kichwa wala hakuomba. Alimtazama tu.

Akisema kweli, mtaa utajua kwamba mjane aliwafungia mlango, akamnyima marehemu wimbo kwa nusu siku, na hilo litasemwa mpaka na yeye azikwe.

"Sikutazama," alisema Hlimpuii.

"Hukutazama?"

"Nilikuwa na haraka ya uwanjani. Niliacha bakuli mlangoni nikaondoka."

Dingliana, aliyekuwa amesimama nyuma ya Vanchhawna na jembe, alilishusha begani.

"Unampelekea uji kila siku," Vanchhawna alisema, "na siku aliyokata roho ukawa na haraka."

"Ndiyo."

"Sawa." Alisema neno hilo kwa huzuni, bila hasira, na ikawa mbaya zaidi. "Ukumbi wa mtaa msiutumie tena kwa mazoezi. Mpaka tutakapoona."

Alipoondoka, Dingliana alimshika kiwiko. "Wewe si mtu wa hivyo. Mimi ndiye wa hivyo! Kuna nini?"

"Nenda kachimbe. Jua linazama."

Alibeba sinia la chai sebuleni. Alipofika kwa Pi Chhingi, mjane alipokea kikombe kama alivyopokea vya wengine, akanywa kidogo, akageukia wimbo.

Wiki iliyofuata Hlimpuii alishuka sokoni kununua nyuzi. Wasichana wawili wa mtaa wa pili walikuwa wakiosha majani ya haradali kwenye bomba, wanaimba kiitikio chake, mmoja juu, mmoja chini, na walikuwa wameubadilisha mwisho kidogo, ukawa mzuri zaidi. Walipomwona walipiga kelele za furaha. "Dada! Ndio huu? Tumeupata sawa?" Mbele ya duka la nyuzi walikuwa wamesimama wanawake wa mtaa wake mwenyewe, wakachepusha macho kwa adabu mpaka apite.

"Mmeupata," alisema Hlimpuii, akaingia dukani.