Polisi Ndani ya Kikapu cha Majani Chai

Daktari wa mifugo pale Ogembo alipitisha kimashine chake shingoni mwa mbwa wa bibi, akarudia, kikanyamaza. "Hana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, dada. Na huko Ulaya hawatambui chanjo ya kichaa cha mbwa iliyodungwa kabla ya chipu. Tunaanza upya: chipu, chanjo, kisha damu ipimwe, halafu mngoje miezi mitatu ndipo avuke mpaka. Chipu zenyewe nitaletewa kesho kutoka Kisii mjini." Tiketi yangu ya kurudi kazini huko Ulaya ni ya Jumapili. Bibi tumemzika majuzi, nyumba inafungwa, na huyu Polisi hana mtu mwingine ila mimi.

Usicheke jina. Mbwa wote wa bibi waliitwa Polisi. Yule wa utotoni mwangu alikuwa mwizi wa mayai na hakukubali kamba hata siku moja. Siku ya chanjo majirani waliwaburuta mbwa wao kwa kamba za migomba, kelele bonde zima. Bibi alimtia Polisi ndani ya kikapu cha kuchumia majani chai, akakibeba mgongoni, huyoo akapanda kilima. Nilifuata na kibuyu cha uji wa wimbi, nikiona masikio tu yakichungulia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tulipofika penye chanjo, dawa ilikuwa imeisha. Mimi nililia. Bibi alimnywesha Polisi uji, akanywa yeye, akasema neno lake la siku zote: "Kesho tena." Kesho yake akambeba mpaka kituo cha Kenyenya, na Polisi akadungwa.

Bibi hakuwa na mzaha na chanjo. Alimwona mdogo wake akifa kwa kichaa cha mbwa, ana kiu na hawezi kumeza hata tone la maji. Alinisimulia mara moja tu, akainuka kwenda kupepeta wimbi.

Ndiyo maana sizikasirikii sheria za mpaka. Aliyeziandika naye anajua kifo kile. Lakini Polisi simwachi.

Jioni nilikitafuta kikapu. Wachumaji siku hizi wanabeba vya plastiki. Cha bibi kilikuwa darini juu ya meko, cheusi kwa moshi, kitako kimeliwa na mchwa. Nikakaa mlangoni kukishonea gunia. Mama jirani akaja kunitazama, nikamweleza habari za chipu na safari.

"Wewe, hiyo ni mbwa tu. Si uiache hapa kwangu?"

"Asante, Mama, lakini ninaenda naye."

"Na kazi yako huko?"

Nilikuwa nimeshawapigia. Walitaka kujua nitarudi lini, nikawajibu nitarudi na mbwa, wakakata simu.

Watu waliocheka pale kilimani wengi wamelala makaburini, na mgongo uliobeba kikapu hiki haupo tena. Jinsi ninavyomkosa bibi, Mungu ndiye anajua. Polisi alinusa kikapu, akazunguka mara mbili, akaingia na kujikunja humo. Mama jirani akaniuliza kama chipu imeshawekwa.

"Bado," nikasema. "Kesho tena."