Chavua Aliyoniletea Mncedisi

Nilipogeuza jani la mche wangu mmoja na kukuta ukingo wake una meno, niliitua ndoo ya maji. Nikakaa chini palepale kwenye udongo.

Sikadi ya kilima chetu, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi, haina meno. Jani lake ni la kijivu, ukingo laini. Yenye meno ni ile ya kijani inayopandwa kwenye nyua za watu mjini.

Nikageuza mche wa pili. Meno. Wa tatu, meno. Kitalu kizima kilikuwa chotara.

Ngoja nikueleze uchungu wangu. Wezi walikuwa wamechimba sikadi zote za kilima kile wakaziuze, nyuma ya kijiji chetu huku Rasi ya Mashariki. Likabaki dume moja juu kwenye majabali, na jike moja bustanini kwangu, aliloniachia baba. Nia yangu ilikuwa moja tu: kukirudishia kilima watoto wake.

Mwaka ule jike likatoa koni, kama gunzi kubwa la mahindi, na dume nalo vilevile. Bahati kama hiyo huja mara chache mno. Mimi nyonga ilikuwa imenivunjika, natembelea magongo, kwa hiyo aliyepanda kilimani kuchukua chavua ni rafiki yangu Mncedisi. Tulijifunza kazi hii pamoja kwa baba. Kwao pia kulikuwa na jike la kilima kile, ila alisema halijawahi kutoa koni.

Alirudi na kichupa cha unga wa manjano. Tukaupuliza kwenye koni pamoja, tukaifunga kwa soksi ndefu ya kike wadudu wasiingie. Nilimchinjia kuku siku ile, nikamwombea na dua.

Muda si mrefu wezi wakalibeba na lile dume.

Basi nikalea miche miaka na miaka, jani likikomaa polepole, mpaka siku ya meno. Nikamwita mama mmoja mtaalamu wa sikadi. Alizikagua, akaguna, akasema mama wa miche hii ni wa kilimani ila baba yake ni wa mjini. Akanishauri nizing'oe. Chotara ikipandwa kilimani, itaharibu mbegu milele.

Mncedisi alikuja kunipa pole.

"Ni wadudu, MaDlomo," alisema, akiniita kwa ukoo kama afanyavyo akitaka kunibembeleza. "Mdudu hana ndoa, anatua popote."

Nikamwamini. Mjinga mimi! Na soksi niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Halafu mwanawe akatoka jandoni, kukawa na sherehe kubwa kwao. Wanawake tulikuwa jikoni nje, tunakoroga pombe ya mtama na masufuria ya nyama. Kuni zikapungua, nikaenda kuchukua nyingine nyuma ya zizi.

Huko kulikuwa na kivuli cha neti. Chini yake, miche ya sikadi, rika moja na yangu. Majani ya kijivu. Nikageuza moja, nikageuza jingine. Laini kabisa.

Nilipoinua macho, Mncedisi alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Jike lako lilitoa koni," nikasema.

"Lilitoa. Mwaka uleule."

"Na ile uliyoniletea mimi?"

"Ya mjini. Ile ya kweli ilikuwa kidogo, dada. Ilitosha jike moja tu."

Nikamwambia basi tuipande kilimani hii yake; iitwe ya kwake au ya kwangu ni mamoja.

Akacheka kidogo, kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Kilimani wataiba tena. Hii ina wateja tayari. Ila wewe si mtu baki, MaDlomo. Ukitaka michache, nitakufanyia bei ya rafiki."

Bei ya rafiki!

Siku ya kijana wa watu haiharibiwi kwa makosa ya baba yake. Nikabeba kuni, nikakoroga sufuria, nikampa kijana mkono wa hongera. Kesho yake nikaing'oa miche yangu mmoja baada ya mwingine, huku nikiiomba radhi, maana yenyewe haina kosa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naongeza la kwangu: jambo unalolipenda kuliko yote, panda kilima ukalichukue mwenyewe, hata kwa kutambaa.

Kilima chetu mpaka leo ni kitupu.