Saa ya Almasi Mkononi mwa Mama

Enzi zetu pale Newala, miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipoanza kushika kasi, mtoto aliyekula mabibo ya mkorosho alijulikana kwa madoa ya shati, na aliyedokoa korosho zikiwa bado motoni alijulikana kwa midomo iliyobabuka. Tulicheza chandimu mpaka mpira usionekane. Tulichimba mizizi ya ming'oko porini, tukaichemsha kwa chumvi, tukala tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Vijana wa leo ukiwapa ming'oko wanaipiga picha kwanza.

Mimi leo navaa saa ya Uswisi, ya kimakanika, uso wake umezungushiwa almasi. Nimeinunua kwa jasho langu, mtoto wa Newala mwenye stashahada ya ugavi, aliyekwenda Dar es Salaam na begi moja akarudi na lori. Wapo wanaoniuliza kwa nini sikununua shamba. Mashamba ninayo. Ila saa ya namna hii niliipenda ikiwa mkononi mwa mama yangu, na hakuna duka lililonionyesha uzuri wake kama yeye.

Ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa korosho, walikuja wafanyabiashara binafsi. Mmoja wao, Bwana Nassoro, alipanga chumba kwetu msimu mzima. Saa yake ya dhahabu, iliyozungushiwa almasi, haikuwa na betri wala haikutiwa ufunguo. Ilijijaza kwa mtikisiko wa mkono. Ilionyesha tarehe, na hata umbo la mwezi. Akiugeuza mkono juani, vimwanga vilitawanyika ukutani, nasi watoto tukavikimbiza kama vifaranga wakimbizavyo kumbikumbi.

Kisha malaria ikamwangusha. Gari lilipokuja kumpeleka hospitali Ndanda, aliivua ile saa akampa mama, ambaye wote walimwita Mama Fadhila kwa jina la dada yangu.

"Ivae wewe, Mama Fadhila. Ikikaa bure inasimama, na ikisimama, tarehe na mwezi wake hupangwa na fundi wa Dar tu. Nikirudi nikaikuta inakwenda sawasawa, nakuezekea bati na kukujengea tangi la maji."

Mama hakuuliza mara mbili. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, isiyokinga mvua, na maji ya Newala yalikuwa chini bondeni. Kila alfajiri aliteremka, akapanda mlima na ndoo kichwani.

Basi akatwanga mihogo na almasi mkononi. Unga ulipotanda juu ya saa, aliipangusa kwa pindo la kanga, na yale mawe yakatoka yanawaka upya.

"Mama Fadhila, siku hizi unatwanga kisultani!" majirani walimtania.

"Chekeni tu. Tangi langu likijengwa mtakuja na ndoo zenu kunibembeleza."

Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika. Ghala lilipokosa korosho, akabaki barazani. Siku za jando la watoto wa baba mdogo, wageni walikuja kutoka Lulindi na Chiungutwa, naye akaitaka saa.

"Wageni watanionaje? Mke ana dhahabu, mimi mkono mtupu?"

"Baba Fadhila, wewe ukikaa umekaa."

"Nitautikisa mkono."

Mama akampa. Baba akaketi na mkono juu ya goti, upande wa jua, ametulia kama anayepigwa picha. Shikamoo za wageni zilirefuka, na macho yao hayakupanda usoni kwake. Alikaa hivyo siku zote za ngoma. Wageni walipoondoka, mama alimshika mkono, akatega sikio kwenye saa.

"Imekufa," akasema.

Aliitikisa ikaanza tena, lakini tarehe ilikuwa imebaki nyuma, na mwezi pia.

Bwana Nassoro alirudi amekonda. Aliitazama saa, akaitazama tena. Mama alifungua mdomo, baba akamtangulia kusimama.

"Ilisimama mkononi mwangu. Yeye hana kosa. Mimi nilitaka kuonekana."

Bwana Nassoro aliivaa, akashukuru kwa kutunziwa. Msimu ulipokwisha akaondoka, na bati hatukuliona.

Ila asubuhi iliyofuata siku ile aliyorudi Bwana Nassoro kutoka hospitali, baba alichukua madumu mawili akamfuata mama bondeni. Wanaume wa rika lake hawakuchota maji, na wanawake njiani hawakumsaza kwa utani.

"Karani, umepotea? Ghala liko kule!"

"Nimehamishwa kituo," baba akajibu.

Mama alicheka mpaka akatua ndoo chini. Tangu hapo waliteremka pamoja kila siku.

Niliporudi Newala na fedha zangu, kabla ya kujenga kwangu niliwajengea wazazi nyumba ya bati na tangi la saruji, kubwa kuliko lolote mtaani. Mama anafungua bomba tu. Wajukuu wanaoshea bodaboda maji yale, wala hawajui mlima uko upande gani. Baba anakaa barazani na redio yake, mama yuko uani na kuku wake. Maji ni tele. Lakini njia ya bondeni imefungwa na vichaka, na zile sauti za alfajiri, mmoja akimcheka mwenzake kwa kuhema, sijazisikia tena.