Maji Chini ya Sakafu ya Zamzam

Nabututu alikuwa mchota maji wa mafundi, na kama unadhani hiyo ni kazi ndogo, jaribu kujenga nyumba bila maji. Alikuja Kisumu na mumewe kutoka upande wa Bungoma, mume akafariki, yeye akabaki na watoto watatu, Simiyu akiwa mkubwa wao, na debe. Mwaka wa sabini na tatu ulimkuta ametimiza miaka miwili chini ya Wepukhulu, fundi hodari mwenye mdomo mkali. Amri ya Wepukhulu ilikuwa moja: nyeshea kwanza. Tofali lisipakwe simiti kabla halijanywa maji. Ukuta usipigwe plasta kabla haujaloa. "Fundi asiyenyeshea ni kinyozi," alikuwa akisema, na vinyozi wa soko la Kibuye wamsamehe. Basi kila asubuhi Nabututu alinyeshea chochote alichokikuta mbele yake, bila kuuliza, na hakuna aliyewahi kumkosoa.

Nyumba waliyokuwa wakijenga ilikuwa mtaa wa Manyatta, ya Mzee Abeid muuza nguo, ila kila mtu alijua inajengwa kwa ajili ya mkewe, Zamzam. Mama huyo alikuwa na pumu. Katika nyumba yao ya zamani sakafu ilitoa jasho kila masika, na mara mbili alipelekwa hospitali kwa mkokoteni, midomo imegeuka rangi. Daktari alisema wazi: akilala masika mengine juu ya unyevu ule, asiulizwe yeye. Ndiyo maana, kabla ya kumwaga zege, Wepukhulu alitandika karatasi nzito za nailoni ndani ya msingi, juu ya mchanga, ili maji ya ardhini yasipande. Ardhi ya pale ni nyeusi, inakunywa mvua na haisemi imeiweka wapi. Nailoni yenyewe haina taabu. Taabu iko pale karatasi moja inapoishia na nyingine inapoanza. Hapo hupakwa lami ya moto, ikaachwa kidogo ishike, kisha karatasi ya pili ikalazwa juu yake na kukandamizwa. Pakiachwa wazi hata upana wa kidole, umefanya kazi bure.

Asubuhi ya kumwaga, Wepukhulu alipaka lami mwenyewe, mistari minne. Akamwambia msaidizi wake, Enos, aje kulaza karatasi baada ya muda mfupi, kisha akaenda barabarani kupokea mashine ya kuchanganya zege, waliyoazimwa kwa siku hiyo tu. Enos akasogea kunywa chai. Nabututu akaingia na debe lake, akaona nailoni yote imelala juani, kavu. Akafanya alichofundishwa. Enos aliporudi aliona maji, akadhani ni amri ya fundi, akalaza karatasi juu ya lami iliyoloa, akazikanyaga, akafuta juu kwa gunia. Ukitazama, kazi safi kabisa.

Saa sita mashine ikaanza kunguruma. Upande wa milima ya Nandi wingu lilikuwa limeshuka, jeusi tii, na Wepukhulu alilitazama kila dakika. Wabeba makarai wakajipanga. Nabututu alipita bila viatu pale ambapo pangekuwa mlango, na chini ya wayo wake kitu kikateleza. Akasimama, akakanyaga tena. Kiputo cha maji kikakimbia mbele ya kidole chake, katikati ya karatasi mbili, kikaenda hadi ukuta wa msingi.

Alijua papo hapo ni maji ya nani.

Karai la kwanza likamwagwa pembe ya mbali. Zege lilikuwa linakuja kufunika kila kitu, na hakuna mwingine aliyejua. Aliwafikiria watoto wake watatu na sufuria yao. Akamfikiria Zamzam juu ya mkokoteni. Mwanamke mwenye akili angenyamaza, na wengi wenye akili wamenyamaza kwa machache kuliko hayo. Karai la pili likaja. La tatu.

Nabututu akasimama juu ya maungio ya karatasi, miguu kaipanua.

"Mama Simiyu, toka hapo," Wepukhulu akasema.

"Maungio hayajashika, fundi."

"Nimepaka kwa mkono wangu. Toka, mvua ile inakuja."

Hakutoka. Alichuchumaa, akashika ukingo wa karatasi, akavuta. Ikaachana kama ganda la ndizi mbivu, na maji yakamtiririka mkononi mbele ya watu wote. Wepukhulu akamgeukia Enos. Enos akatazama chini. Hapo ndipo Nabututu angeweza kuponea, maana lawama ilikuwa tayari imepata mwenyewe.

"Si Enos," akasema. "Ni mimi nilinyeshea."

"Nani alikutuma unyeshee lami?"

"Wewe, fundi. Kila siku, miaka miwili."

Lililomponza ni hilo. Kosa la maji huenda fundi angelimeza, lakini kujibiwa hivyo mbele ya vibarua wote, hapana. Fundi akawageukia wenye mashine.

"Zimeni mashine," akasema. Kisha, bila kumtazama: "Beba debe lako uende. Usirudi hapa."

"Nitaenda. Kwanza nikaushe."

Akafungua leso yake kiunoni, akapiga magoti, akaanza kukausha. Enos akachochea moto chini ya pipa la lami. Maungio yote manne yakafunguliwa, yakafutwa, yakapakwa upya. Radi ikalia. Wepukhulu alipaka tena mwenyewe. Nabututu alimfuata nyuma, akikandamiza kwa viganja na magoti, lami ikimchoma, mpaka ukingo wa mwisho ukakataa kuinuka. Makarai yakarudi. Matone ya kwanza yalipoanguka, wanaume walikuwa wanafunika zege kwa turubai, na yeye yuko njiani na debe tupu. Jumatatu alijaribu kurudi. Akamkuta mwanamke mwingine akichota maji.

Akaanza kuuza sukuma wiki Kibuye. Masika ya mwaka wa pili Zamzam akasimama mbele ya mboga zake, asimjue.

"Naona Mama una afya," Nabututu akasema.

"Alhamdulillahi. Tangu tuhamie nyumba mpya sijabebwa. Mungu ambariki fundi Wepukhulu, mwanamume yule anajua kazi."

Roho ilimuuma Nabututu, tusidanganyane. Lakini akafunga mboga, akaomba amsaidie kuzibeba mpaka nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, Manyatta yote ni tope. Alivua ndara nje, akaingia, akaweka mboga. Kisha akachuchumaa karibu na mlango, akabandika kiganja sakafuni, akakiacha hapo muda mrefu. Akakigeuza, akakitazama. Kikavu.

"Umeangusha kitu?" Zamzam akauliza.

"Kibarua changu, Mama. Kiko hapa chini."

Zamzam alimtazama, haelewi kwa nini mwanamke huyu analia huku anacheka.

"Kiache tu hapo," Nabututu akasema. "Wewe lala."