Oili Iliyokataa Kuganda

Siku moja kabla ya vita nilishinda maabara nikiinamisha vijichupa vya oili. Nilikuwa Ukreni kwa masomo ya kemia, mimi Rukia, mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye baridi kali niliyoijua ni ile ya Julai inayogandisha mafuta ya nazi chupani. Kazi yangu ilikuwa kupima oili za injini. Tuliziweka kwenye friza, tukaongeza baridi kidogo kidogo, kisha tukainamisha chupa kuona kama bado zinatiririka. Oili ya kawaida ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hushikana. Ile ya sintetiki, inayoundwa kiwandani bila nta hiyo, huendelea kutembea.

Mkuu wa maabara alikuwa Halyna Petrivna, mjane wa makamo. Kwao heshima ni kumwita mtu kwa jina lake na la babake, nami sikumwita vinginevyo. Nilimwonyesha oili moja iliyotiririka vizuri nikitaraji sifa.

"Usifurahi bado," alisema. "Injini haiinamishwi, inavuta. Ipitishe kwenye pampu."

Niliipitisha. Pampu ilivuta kidogo, kisha ikaanza kuvuta hewa. Oili ilikuwa imejishika kama maziwa mala, ingawa chupani ilionekana nzima. Nikapitisha ya pili, ya sintetiki, hiyo ikavutika hadi tone la mwisho. Nikaandika matokeo kwenye mikebe ya oili hizo mbili, nikaiweka kwenye rafu, nikanawa mikono, nikampigia mama simu.

"Na hivyo vita wavisemavyo redioni?" aliuliza.

"Maneno tu, mama."

Asubuhi vioo vya bweni vilitikisika, kisha vikapasuka.

Tuliteremka chumba cha chini cha jengo, wanafunzi na majirani, tukakaa huko na blanketi na sufuria moja ya chai. Watu walijifunza upesi kutofautisha mlio unaoondoka na mlio unaokuja. Simu iliposhika mtandao, mama hakuwa na maneno mengi. "Ndoo nyumbani, mwanangu. Ndoo." Nilisikia nyuma yake muadhini akiadhini adhuhuri, nikaziba mdomo nisimlilie sikioni.

Halyna Petrivna alinijia siku ya baridi kali. Gari la marehemu mumewe lilikuwa gereji, karibu na maabara.

"Nakupeleka mpakani," alisema. "Mamangu amekataa katakata kuacha nyumba yake. Jirani yuko naye. Nikirudi nitambeba hata kwa nguvu."

Nilimwambia amchukue mama yake kwanza. Alitikisa kichwa. "Yeye ana jirani. Wewe una nani hapa?"

Gari lilikataa. Stata iliguna mara moja, ikanyamaza. Ndani mlikuwa na oili ya kawaida ya kiangazi, imelala tangu mumewe afariki, na betri haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini iliyokabwa namna ile.

"Mikebe," nilisema.

Tulivuka uwanja kwa kuinama.

Mlio ulikuja. Tulilala kwenye theluji.

Ukuta wa mbali ukaporomoka. Si wetu.

Ndani ya maabara rafu moja ilikuwa imeanguka. Mikebe ile miwili ilikuwa sakafuni, rangi moja, ukubwa mmoja. Nikaigeuza nikasoma maandishi yangu mwenyewe. Nilichukua ule wa oili iliyovutika kwenye pampu.

Tulirudi mbio.

Nilijilaza chini ya gari nikafungua nati. Oili ya zamani haikumwagika, ilining'inia kama halua inayokaribia kuiva. Halyna Petrivna alichoma vipande vya mbao kwenye karai, tukalisogeza chini ya injini, na hatimaye ikashuka. Tukafunga nati, tukamimina mpya. Alipogeuza ufunguo, stata ilizunguka nzito, ikazunguka tena, na injini ikashika. Alilala juu ya usukani akicheka bila sauti. Mimi nilisema alhamdulillahi mpaka nikapoteza hesabu.

Njiani kulikuwa na foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Wanajeshi wa kizuizini walituamuru tuzime injini zote na taa. Tulisubiri mpaka kulipokucha, pumzi zetu zimeganda kwenye vioo. Ruhusa ilipotoka, madereva wengi waligeuza funguo na kusikia mguno tu. Letu liliwaka mara ya kwanza. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisimama kando ya gari lake lililokufa akitutazama, bila kuomba. Halyna Petrivna akamfungulia mlango.

Mpakani alinikumbatia, akamwacha yule mama mikononi mwa watu wa msaada, akageuza gari. Hakungoja nimshukuru.

Nilifika Mombasa salama. Mama alinipokea uwanja wa ndege akanipapasa uso, mabega, mikono, kama anayenunua kitambaa na kutafuta kasoro. "U mzima," alisema. "U mzima wewe." Lakini simu ya Halyna Petrivna haikuita tena, nami nilikula na kulala kama mtu aliyeacha mlango wazi mahali.

Alipiga nikiwa Marikiti nachagua maembe. Nilipoisikia sauti yake nilikaa juu ya gunia la viazi la mtu, na mwenyewe hakunifukuza. Alikuwa hai. Barabara ya kurudi ilikuwa imefungwa, alizunguka mbali, na alipofika nyumbani mamake alikuwa ameshafariki kwa baridi katika chumba cha chini. Majirani walikuwa wamemzika uani.

Sasa napima oili za malori na meli hapa kisiwani, na mwaka jana Halyna Petrivna alikuja kututembelea. Nilikuwa nimeliogopa swali moja tangu ile simu. Nilimuuliza tukiwa barazani: je, anajuta kunipeleka?

"Siku nyingine, ndiyo," alijibu. "Kisha nakumbuka uko hai, na yule mtoto mchanga yuko hai. Siwezi kuyaweka hayo na kifo cha mama kwenye mizani moja. Nimeacha kujaribu."

Mama, aliyekuwa akikaanga viazi kando yetu bila kuelewa neno, aliuona uso wa mgeni. Akaacha kukaanga, akaja akaketi karibu naye.

"Muulize," aliniambia, "mamake alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifasiri. Tangu mazishi yale watu walikuwa wamemuuliza Halyna Petrivna jinsi mamake alivyokufa tu. Akaanza kueleza: alikuwa mkali, alishona vizuri, alikuwa akiiba sukari ingawa daktari alimkataza. Hapo mama akacheka kwa sauti, naye akacheka, wakashikana mikono. Nilifasiri mpaka alasiri, koo limenikauka, na kwa mara ya kwanza tangu vita sikutamani kuwa mahali pengine.